Meza ya Kuta Zinazohama

Minza alikuwa uani akipepeta mchele. Mtoto mdogo amelala mgongoni. Kijiji kizima cha Majimoto kilikuwa na harufu ya makapi mapya na moshi wa bodaboda.

Binti yake mkubwa, Nyamizi, alitoka ndani amekumbatia roboti yake. Ilikuwa kigari kidogo cha matairi mawili. Alikiunda kwa mota za midoli iliyoharibika na kibao cha saketi alichopewa shuleni.

"Mayu, sitengenezi tena roboti," alimwambia mama yake. Machozi yakamshuka.

"Mwanangu! Si umeshinda leo asubuhi?"

"Marsela amesema mimi mwizi. Mbele ya watu wote. Hataki tena kukaa na mimi darasani."

Marsela alikuwa rafiki yake wa karibu tangu darasa la kwanza. Asubuhi hiyo watoto walishindana hapohapo, kwenye meza ya chakula ya Minza. Minza alikuwa amepigilia kuta fupi za mbao juu ya meza. Kila roboti ilitakiwa kutoka pembe moja, kupita kati ya kuta, na kufika pembe ya pili bila kuguswa. Ya Nyamizi ilifika. Ya Marsela ilianguka chini.

"Amesema nimeiambia roboti njia," Nyamizi alisema. "Na kweli, mayu, nimefanya mazoezi hapa wiki nzima. Sikujua kama ni vibaya."

Baba yake, Ngusa, alicheka. "Umeshinda halafu unalia? Nyie watoto wa siku hizi!"

Minza hakucheka. Aliweka ungo chini, akaenda kumwita jirani yao, Vestina. Vestina anafundisha umeme katika chuo cha ufundi, na wikendi huwa nyumbani.

Vestina alikuja, akaitazama meza. Aling'oa ukuta mmoja, akaupigilia mahali pengine.

"Haya, iwashe sasa."

Roboti ilikwenda, ikakata kona ileile ya zamani, ikagonga ukuta. Matairi yalizunguka bure.

Ngusa aliacha kucheka. "Hee! Kama ng'ombe wangu. Mwaka jana nilihamisha lango la zizi. Jioni walikwenda kusimama palepale pa zamani, wananitazama."

"Ndivyo hivyo, shemeji," Vestina alisema. "Imekariri. Haioni. Nyamizi hajaiba, ila meza hii inapima kukariri tu."

"Sasa itaonaje?" Minza aliuliza.

Vestina alitoa mfukoni kitu kidogo chenye miduara miwili, kama macho ya bundi. "Hiki kinatoa sauti ambayo sisi hatuisikii. Sauti ikigonga ukuta, inarudi. Ikirudi haraka, ukuta uko karibu. Ukiita kisimani si unasikia sauti yako inarudi? Na hiki kingine unakifunga tumboni mwa roboti, kinamulika meza. Mwanga usiporudi, ujue meza imeisha. Roboti inasimama kabla haijaanguka."

Minza aliinama kukitazama. Kitu kidogo hivi, kinaita na kusikiliza!

"Na shindano lenyewe tulirudieje?"

"Usipigilie kuta. Zipangwe siku ileile, na mtu asiye na mtoto anayeshindana."

"Kila nyumba ina mtoto anayeshindana, Vestina."

"Basi mpe anayemtilia shaka mwanao. Acha nafasi ya roboti kubwa kuliko zote kugeuka. Ziba madirisha, jua kali linadanganya hivi vijicho. Na ikishaanza, hakuna kugusa. Anayegusa anaanza upya."

Minza alimtazama binti yake. "Lakini hapo Nyamizi anaweza kushindwa."

"Anaweza," Vestina alisema. "Ila ikifika, kila mtu atajua imefika yenyewe."

Nyamizi alipangusa uso. "Nipe hicho kijicho, mama mdogo."

Vestina aliwagawia vijicho watoto wote. Minza alikwenda kwa Agatha, mama yake Marsela. Walisalimiana, wakaulizana habari za mashamba. Kisha Minza akasema, "Mama Marsela, nataka wewe upange kuta."

"Mimi? Mimi hata redio inanishinda!"

"Hutaiambia roboti yoyote njia. Na mwanangu hutamwonea huruma."

Agatha alicheka mpaka akashika kiuno. "Hapo umesema kweli."

Shindano la marudio lilifanyika Jumamosi iliyofuata katika ukumbi wa parokia. Minza alitundika khanga madirishani. Watoto walitolewa nje, roboti zikabaki kwa Vestina. Agatha akapanga kuta, akapangua, akapanga tena. Ndipo watoto wakaitwa.

Roboti ya Marsela ilitangulia. Ilikwenda mbio, ikakata kona vizuri, ikafika. Ukumbi ukashangilia.

Ikafuata ya Nyamizi. Ilitambaa polepole. Ilifika ukingoni mwa meza. Minza alifumba macho. Alipoyafumbua, roboti ilikuwa imesimama, inageuka.

Kisha ikaingia kwenye njia isiyo na mlango. Kuta mbele, kuta kushoto, kuta kulia. Ngusa alianza kupiga mluzi, amenyoosha mikono kama anaongoza ndama.

"Baba Nyamizi, mikono!" Vestina alimkemea.

Roboti ilitazama kushoto. Ikatazama kulia. Ikakaa kidogo, kama mtu anayefikiri. Halafu ikarudi nyuma, taratibu, mpaka ilipoingilia. Ikachagua njia nyingine. Ikafika.

Watu walikuwa wameduwaa.

"Yesu na Maria," Agatha alinong'ona. "Njia hiyo nimeipanga mimi, sasa hivi. Nani kaifundisha?"

Minza alitazama meza. Mbao, mota za midoli, na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Marsela alishinda, kwa sababu roboti yake ilifika upesi zaidi. Lakini hakwenda kushangilia na wenzake. Alikuja akachuchumaa kando ya Nyamizi.

"Imewezaje kurudi nyuma?" aliuliza. "Yangu ingebaki mle mpaka kesho."

"Nimeiambia ikizibwa pande zote, irudi."

"Sikutakiwa kukuita mwizi."

"Na mimi sikutakiwa kufanya mazoezi peke yangu. Kesho baada ya misa njoo nyumbani. Uje na yako."

Vichwa vyao viliinama pamoja juu ya roboti. Minza alitaka kuwaita wakale, akaghairi.

Agatha hakungoja mtu. Alikuwa ameshakunja mikono ya gauni, anahamisha kuta.

"Leteni tena!" alisema. "Safari hii hamtoki."