Mikahawa Iliyokauka Upande Mmoja

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Jemima alichota maji, akafagia uwanja, kisha akawasha moto wa chai. Moto haukumtaabisha siku hizo, maana baba yake, Lusenge, alikuwa ameleta mzigo mkubwa wa kuni za mikahawa, yaani miti ya kahawa, kutoka kwa kaka yake Éliakim, aliyekaa ng'ambo ya mto. Mikahawa ya Éliakim ilikuwa imekufa, akaikata, akawagawia ndugu zake kuni. Na nani atakataa kuni za mkahawa? Zinashika moto upesi na hazitoi watu machozi. Lusenge alizikatakata kwa panga, akazirundika nyuma ya jikoni, akamshukuru Mungu, akaenda kupogolea mikahawa yake kwa panga lile lile alilozikatia.

Shamba lao lilikuwa pembezoni mwa mji wa Beni, na kahawa ndiyo iliyowalisha na kumvisha Jemima sare ya shule. Kwa hiyo mikahawa ilipoanza kukauka, nyumba nzima ilikosa raha. Tena haikukauka kama miti mingine inavyokauka. Majani ya upande mmoja yaligeuka manjano, yakajikunja, yakaanguka, huku upande wa pili ukibaki kijani kana kwamba hakuna msiba. Mitatu ya kwanza ilikuwa mpakani, na yote ilikauka upande uliotazama shamba la jirani yao, Florentine.

Florentine alikuwa mgeni. Alikimbia vita huko Kanyabayonga akiwa na watoto wake, mwenye shamba mmoja akamwonea huruma, akampa kipande cha kulima maharage. Salamu zake zilikuwa fupi, na kwenye soga za kisimani hakukaa. Haya, chukua ugeni, ongeza ukimya, na pale mtaani umekwisha kupata mchawi. Hukumu walikuwa nayo tayari, kilichobaki ni kutafuta ushahidi.

Lusenge alimwita binti yake pembeni. "Ule mama iko anatupa dawa kwa mikahawa yetu," alimwambia. "Wewe uko na macho mazuri. Umuangalie, lakini hapana kumuambia mutu."

Jemima alijiona mkubwa ghafla. Kila alipotoka shule alijificha kwenye migomba, akamchungulia Florentine akipalilia. Akipiga chafya, Jemima alijiuliza kwa nini amepiga chafya. Akicheka na mtoto wake, Jemima alijiuliza wanamcheka nani. Jicho la kushuku halikosi la kuona, na siku moja likaona kweli: Florentine alitoka na kopo, akawa anamwaga unga wa kijivu kwenye mstari wa mwisho wa maharage, hatua chache tu kutoka kwenye mikahawa.

Mwanamke yule alipoondoka, Jemima aliufuata mkahawa mmoja uliokuwa unanyauka, akalibandua ganda la shina kwa kisu. Chini ya ganda, mti haukuwa mweupe. Ulikuwa na michirizi ya buluu iliyokaribia nyeusi, kana kwamba mtu ameumwagia wino. Sumu! Alikimbia nyumbani na kipande cha ganda mkononi, akasimulia yote, na kopo, na unga, na wino. Lusenge hakumaliza hata ugali wake. Alikwenda moja kwa moja kwa shefu, mkuu wa mtaa, kumshtaki jirani.

Shefu alipanga kusikiliza kesi Jumamosi. Habari zikaenea kwamba yule mwenye shamba aliyempa Florentine kipande amesema neno moja tu: ikithibitika, Florentine na watoto wake watafungasha siku hiyo hiyo.

Ijumaa jioni Jemima alikwenda nyuma ya jikoni kuchukua kuni. Pale, karibu na rundo, ulisimama mkahawa wa zamani ambao hakuna aliyeujali. Majani yake yalikuwa ya manjano. Aliuzunguka. Upande uliotazama shamba la Florentine ulikuwa mzima kabisa, na uliokauka ulitazama mlango wa jikoni yao. Jemima alibandua ganda, akaikuta michirizi ile ile ya buluu.

Alisimama pale akiwa amekumbatia kuni. Huku nyuma Florentine hajawahi kufika. Kama ni sumu, aliyeimwaga ni nani, mama yake anayepika au yeye mwenyewe? Alitamani asingaliuona mti ule. Baba alikwisha kushtaki kwa shefu, na mtoto anayemtoa baba yake makosa hadharani ataonekanaje? Aliingia ndani, akanyamaza.

Jumamosi uwanja wa shefu ulijaa. Florentine alisimama katikati, mtoto wake mdogo mgongoni. Alipoulizwa juu ya unga, alisema ni majivu ya jikoni ya kufukuza wadudu kwenye maharage. Watu wakaguna. Lusenge akainua kile kipande cha ganda, akasema majivu hayageuzi mti kuwa mweusi, na watu wakaguna zaidi. Florentine alimrekebisha mtoto mgongoni, macho yakiwa chini, kama mtu aliyewahi kufukuzwa na anayejua inavyokwenda. Jemima alipoona vile, aliona aibu. Kama atanyamaza tena, ni yeye atakayekuwa amewafukuza.

"Papa, unisamehe," alisema. "Iko muti ingine nyuma ya jikoni yetu. Inakauka vile vile, lakini inakauka upande wa nyumba yetu. Na ndani iko na rangi ile ile. Mama Florentine hajafika kule hata siku moja."

Lusenge alimtazama binti yake kwa ukali, kisha ukali ukamwisha, akabaki anakitazama kile kipande cha ganda. Shefu hakutoa hukumu. Alimtuma mtu wa pikipiki kumleta Kasonia, agronomu wa serikali, yaani mtaalamu wa kilimo.

Kasonia alikuja, akapita shambani mti kwa mti akibandua maganda, watu wakimfuata. Alisema hakuna sumu. Ni ugonjwa wa kunyauka kwa mkahawa, ambao mara nyingi huanza upande mmoja, upande wowote, na kuacha rangi ile ya buluu chini ya ganda. Huingia kwenye kidonda cha mti, na husafiri kwa panga na kwa kuni. Kisha akauliza kuni zile nyuma ya jikoni zimetoka wapi. Lusenge aliketi chini, akalitazama panga lake.

Dawa haipo, Kasonia alieleza. Miti iliyougua ing'olewe na ichomwe palepale, hata kijiti kimoja kisitoke shambani, na panga lipitishwe kwenye moto. Wangemwita mapema, alisema, ingekufa mitatu tu.

Hapo Florentine akasema, bila hasira. "Mimi niliona ule muti wa kwanza kabla yenu. Mais nilikuwa mugeni. Mugeni akisema muti yako inakufa, batu watasema ni yeye ameuua. Donc nilinyamaza."

Lusenge alimwomba msamaha mbele ya watu wale wale. Alasiri hiyo walianza kung'oa miti iliyougua, na Florentine alikuja na jembe lake bila kuitwa. "Wasingya," Lusenge alimwambia, yaani ahsante kwa Kinande.

Moto ulipokuwa ukiwaka, Jemima alimsogelea baba yake. Agronomu alikuwa bado pale. Jemima alimuuliza baba kwa sauti ya chini kama watamwambia agronomu habari za baba mkubwa Éliakim, aliyewagawia ndugu wote kuni zile. Je, hiyo si kumsema ndugu yao?

Lusenge alijifuta jasho. "Hapana, mutoto wangu. Kumusema mutu ni ile nilifanya mimi kwa Mama Florentine. Nilikuwa nasema mutu, na ugonjwa uliendelea kula miti. Leo tunasema ugonjwa. Ukiona jani limenyauka, useme siku ile ile, hata kama ni kwetu, hata kama ni kwa ndugu."

Kisha akaenda mwenyewe kwa Kasonia, akamtajia nyumba zote zilizopokea kuni.