Gari Lililovuka Kimyakimya

Msiniambie nitulie. Kila nikianza kusimulia habari hii kuna mtu ananishika bega, ati Akiror, hasira ni hasara. Hasara nilishaipata. Niacheni na hasira yangu.

Jioni ile nilikwenda Busia, mpakani na Kenya, kununua gari, basi. Sikwenda kwa mganga, sikwenda makaburini. Mama yangu, Benedeta, alikuwa na ugonjwa wa kifua, na kumpakia kwenye bodaboda kutoka kwetu Mukuju hadi hospitali kule Tororo kulikuwa ni kumuua kwa mikono yangu mwenyewe. Nilitaka gari dogo la familia, liwe na nafasi ya Mama kujinyoosha na watoto kukaa, na lisinywe mafuta kama lori. Watu wakaniambia, tafuta haibridi, gari la mafuta na betri.

Ugonjwa wenyewe tuliujua ulikotoka. Tangu tumzike kaka yangu Eibu, Mama hakulala ndani hata siku moja. Jua likitua anatandika mkeka mlangoni, anajifunika shuka, anakaa na baridi mpaka kuche. Ukimwuliza anakujibu lile lile.

"Mwili mmeuleta. Mwenyewe hajafika."

Kwetu anayemleta maiti kutoka mbali hamleti kama gunia la mahindi. Anamsemesha njia nzima. Wakifika mtoni anamwita kwa jina, anamwambia, tunavuka maji. Mpakani anamwambia, tunaingia kwetu. Njia panda vilevile. Usipomwambia, anabaki pale pale ulipomnyamazia, na yeye hajui kwamba safari imeendelea.

Eibu alifia Kisumu, upande wa Kenya. Aliyekwenda kumleta ni Elungat, mtoto wa baba yetu mdogo, dalali wa pale mpakani, mdomo mtamu kuliko asali. Ukoo ulichanga. Akapewa hela za gari la maiti, za karatasi na za chakula chake. Alfajiri jeneza likafika. Mimi, mbele ya wazee, nikamwuliza kama alimsemesha kaka yangu.

Akanitazama machoni. "Kila daraja, dada."

Sasa turudi Busia. Yadi ya magari ya Wahabi iko ukitoka mjini kama unaelekea Tororo. Wahabi ni mtu mzima, mfanyabiashara, kofia nyeupe na tasbihi mkononi. Alikuwa na haibridi mbili. Moja nyeupe, mpya, viti bado vimevaa nailoni. Nyingine ya kijivu, imetumika Kenya, lakini safi, milango inafunga kwa sauti nzito. Nikaizunguka ile nyeupe, nikapenda. Nikaulizia betri, maana wote wananitisha na betri, ati ikifa umekufa nayo.

"Mama, hiyo mpya bei yake itakulaza macho," Wahabi akasema. "Hii ya kijivu, betri yake nimeipima mimi. Hata jasho haijatoa. Panda uone."

Nikapanda, yeye akakaa kando yangu. Nikabonyeza kitufe, nikangoja ingurumo. Kimya.

"Mbona haiwaki?"

"Imewaka. Inatembea na betri. Ukienda polepole, hata mbwa hageuki."

Kweli tukatoka langoni bila sauti. Mwanga ulikuwa unaondoka. Moshi wa jikoni za watu umelala juu ya barabara. Ndani ya gari mlikuwa na harufu ya marashi ya limau, kali mno. Nikafungua dirisha. Chini ya limau kulikuwa na harufu nyingine... ya dawa. Naijua dawa hiyo. Ukishaingia mochari mara moja, pua haisahau.

Ting.

Ting.

Ting.

"Funga mkanda," nikamwambia Wahabi.

"Nimefunga, mama."

Nikatazama kwenye dashibodi. Taa nyekundu ilikuwa inaonyesha kiti cha nyuma, kushoto. Gari lilikuwa linasema kuna mtu pale na hajafunga mkanda.

Nikasimama kando ya barabara. Nikageuka. Hakuna mtu wala mzigo. Wahabi alikuwa anahesabu tasbihi haraka haraka, macho mbele.

"Ni waya tu," akanong'ona. "Watu hufunga ule mkanda hivi hivi, inanyamaza."

Nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma, nikauvuta mkanda, nikauchomeka. Kelele ikaisha. Nikarudi kwenye usukani, nikaondoa gari, nikaangalia kioo.

Mkanda haukulala juu ya kiti. Ulikuwa umetuna. Ulikuwa umezunguka kitu kipana, chenye kifua.

Ndipo nikasikia, karibu na sikio langu, sauti ya mtu aliyetoka usingizini.

"Kasuku... tumevuka?"

Hakuna mtu duniani aliyeniita Kasuku isipokuwa Eibu. Tangu utotoni, kwa sababu ya mdomo wangu huu.

Sikulia. Ningetaka kusema nililia, ndivyo dada anavyopaswa. Nilipandwa na hasira mpaka nikaona giza. Nikasimamisha gari, nikamshika Wahabi kola ya kanzu.

"Gari hili umelitoa kwa nani?"

"Mama, niachie..."

"Kwa nani?"

"Kijana wa kwenu. Elungat. Aliniletea juzi juzi, akaniuzia kwa bei ya kutupa."

"Na wewe ulijua."

"Wateja wawili wameshanirudishia," akasema, pole pole. "Nilijua inalia. Inachokililia sikujua, wallahi. Nikasema nimpe mtu wa mbali." Akafungua mlango. "Chukua, mama. Kaa nayo. Mimi siitaki irudi kwangu."

Akasimamisha bodaboda, akaenda zake bila hata kuaga. Mtu mzima, na tasbihi mkononi, alikuwa tayari kumpakia mama yangu mgonjwa humo ndani. Nitamwambia usoni siku nikikutana naye.

Nilimkuta Elungat pale wanapokaa madalali, anacheka na wenzake, kijiti cha meno mdomoni. Alipoliona gari, kicheko kikakatika.

"Panda," nikamwambia.

"Dada, umelitoa wapi hilo..."

"Nyuma. Kaa karibu na ndugu yako."

Akataka kukimbia. Nikamwambia akikimbia nitasimama hapo hapo, mbele ya wenzake, nitangaze alichomfanya mtoto wa baba yake mkubwa. Madalali walikuwa wameshatega masikio. Akapanda. Alijibana mlangoni, upande wa kulia, mbali na ule mkanda.

Mambo yakatoka yote, kwa kunong'ona. Hakukodi gari la maiti, wala hakulipia karatasi. Alimvalisha Eibu koti na kofia, akamkalisha, akamfunga mkanda, kama abiria aliyelala. Akashuka njia ya panya, katikati ya mashamba, hadi kwenye kijito kinachogawa nchi mbili. Jeneza alilinunua huku upande wetu. Hela zilizobaki akatia mfukoni.

"Na kumsemesha?"

Akageukia dirishani.

"Elungat. Kumsemesha?"

"Askari walikuwa karibu, dada. Nilizima taa, gari likaenda na betri, hata majani hayakusikika. Ningefungua mdomo wangenikamata. Ndiyo maana nilichagua haibridi."

Ndiyo maana alichagua haibridi! Mimi nilikuwa nachagua gari la kumpeleka mama hospitali, yeye alichagua la kumwiba mwanawe. Kaka yangu, mtu aliyemsomesha Elungat huyo huyo, alivushwa kama sukari ya magendo. Na tangu siku hiyo amekaa kwenye kiti hicho, anangoja kuambiwa.

"Nionyeshe ulipopita."

Tukashuka ile njia. Mahindi yalikuwa yanagusa milango pande zote. Chini kijito kilikuwa chembamba, maji hayafiki hata nusu ya tairi. Nikavuka hadi upande wa Kenya, nikageuza gari, nikatazama nyumbani.

"Sasa sema."

Elungat akanong'ona kitu.

"Sema kwa sauti. Siku ile ulinyamaza, leo utasema mpaka askari wa nchi zote mbili waje."

"Eibu..." Sauti ilikuwa inamkatika. "Eibu, mwana wa baba mkubwa. Tumefika majini. Tunavuka. Tunaingia kwetu. Twende nyumbani."

Nikaingiza gari majini, polepole. Katikati ya kijito nikasikia nyuma yangu pumzi ndefu, ya mtu aliyebeba mzigo siku nyingi akapata pa kuutua. Kwenye kioo, mkanda ukalegea kidogo.

Njia nzima alimsemesha. Kila daraja, kila njia panda. Jiwe la Tororo lilipotokea, jeusi juu ya taa za mji, akamwambia, lile jiwe lako, Eibu, unaliona. Sauti ilimkauka, nami sikumpa maji. Mara mbili aliniomba tusimame ahamie mbele. Nikakataa. Mara ya tatu hakuomba. Alisema tu, kwa sauti ndogo sana:

"Dada, hapa nyuma pamebana."

Nikadhani ni dhamiri inambana. Nikamwambia vizuri, ibane zaidi.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake. Hata sikuwa nimezima gari, akainuka. Mwanamke ambaye asubuhi yake hakuweza kushika kikombe, akainuka bila kushika ukuta.

Mkanda ukafunguka. Tak. Mlango wa nyuma wa kushoto ukafunguka wenyewe, taratibu, kama anavyofungua mtu mwenye adabu. Harufu ya ile dawa ikapita mbele yangu, ikaenda nyumbani.

"Yoga, Eibu," Mama akamsalimu kwa Kiteso. "Karibu, baba. Umechelewa sana."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia huku nimeegemea usukani, nikisema asante Mungu, imekwisha. Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa bado amesimama pale pale. Alikuwa anatazama ndani ya gari.

"Akiror," akasema. "Na hawa wengine, mbona hamuwashushi?"

Nikageuka.

Elungat alikuwa amekaa katikati ya kiti. Sijui alifika pale saa ngapi. Mabega yake yalikuwa yamekunjamana mbele, kama mtu aliyebanwa kulia na kushoto, na pande zake zote mbili hakukuwa na kitu. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni.

"Uliwabeba wangapi?" nikamwuliza.

"Dada, ilikuwa ni biashara. Watu walikuwa wananipigia simu. Mazishi ni ghali..."

"Waite basi. Waambie wamefika, washuke."

Akanitazama. Siku zote nimemchukia Elungat kwa kusema uongo, lakini jibu alilonipa lilikuwa la kweli, na ndilo linalonifanya nimchukie zaidi.

"Majina yao siyajui."

Mama siku hizi analala ndani. Kifua kimepungua, anakula. Kwa hilo namshukuru Mungu, wala sitaki mtu anieleze kwa nini. Lakini gari liko uani kwetu. Wahabi hapokei simu yangu, na mimi siwezi kumwuzia mtu kitu kile. Siyo kila mtu ana moyo wa Wahabi.

Elungat anakuja kila jioni, kwa miguu. Hakuna anayemlazimisha. Anakaa pale katikati, anafunga mlango, anaanza kutaja. Majina ya Wateso, ya Wapadhola, ya Wasamia, ya Wajaluo, ya Waislamu wa mjini. Fulani, umefika, shuka. Fulani, umefika, shuka. Amekonda mpaka shati linamwogelea. Familia zile hawezi kuzitafuta. Simu aliyokuwa anapigiwa alishaiuza pamoja na namba zake zote, mjinga yule. Basi anabahatisha, na hakuna mlango unaofunguka.

Mpaka jana.

Jana nilikuwa nachambua maharage barazani. Nilimsikia akisema, kwa sauti iliyopasuka, "Robinah, umefika. Shuka."

Tak. Mkanda ukafunguka. Mlango ukafunguka.

Robinah wako wengi katika nchi hii. Kila kijiji kina wawili watatu, na mmoja wao inawezekana kabisa alivuka kile kijito amefungwa mkanda, mama yake anamngoja mahali nisipopajua. Hilo nalielewa. Namhurumia.

Lakini binti yangu wa pili pia anaitwa Robinah. Ana miaka tisa. Alikuwa jikoni, anaosha vyombo, na aliposikia jina lake akaitika.

"Naam, nimefika."

Nilikimbia. Nilimkuta amesimama, mikono ina povu, ananitazama kwa upole, kama mgeni anayengoja kuonyeshwa pa kukaa. Nikamwita. Akaniuliza kwa heshima, kwa Kiswahili safi cha Kenya ambacho mtoto wangu hajawahi kukisema, hapa ni kwa nani.