Kontena Iliyoitwa Kajuju

Haya yalimpata rafiki yangu Murungi kule Mitunguu, na mpaka leo hapendi kuyasimulia.

Alikuwa kwenye stoo ya ndizi ya nyumbani kwao, akitengeneza programu ya mauzo kwenye laptopu. Aliigawa katika kontena, vipande ambavyo kila kimoja hukaa peke yake mpaka ukiunganishe na mtandao kwa amri, ndipo viitane kwa majina. Murungi alivipa majina ya watu wa kwao.

Mvua ikaanza kupiga mabati, stima ikapotea, stoo ikawa giza totoro. Akaendelea kwa betri. Akaunganisha kontena aliyoipa jina la dada yake, Kajuju, kisha akaandika amri ya kuiita.

"Eeh? Unaniita?" Kajuju mwenyewe akaitika kutoka nyuma ya ndizi alizokuwa akichagua.

"Sijafungua mdomo."

Akaiita tena, kwa vidole tu.

"Murungi, wacha mchezo! Nimesikia jina langu hapa sikioni."

Haraka haraka akaandika amri ya kumtoa Kajuju kwenye mtandao, akabonyeza.

Ikabaki sauti ya mvua.

"Kajuju?"

Hakuitikiwa. Akawasha tochi ya simu. Dadake alikuwa palepale, akichagua ndizi, midomo ikiimba wimbo usiotoa sauti.

Mama yao akaingia na taa mkononi. "Kajuju! Kajuju, kuja ukunywe chai!"

Akampita bintiye, mabega yakagusana, wala hakuna aliyegeuka.

"Murungi," mama akauliza, "huyu msichana ameenda wapi?"