Daftari Jeusi na Daftari la Kijani

Haya yalimpata dada yangu Eunice, anayefundisha Kiswahili sekondari huko Turwa. Aliniambia mwenyewe, na sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu.

Baba yetu mdogo, Machage, alikuwa mwandishi. Alitunga hadithi za nchi isiyokuwepo, yenye watawala wanaozungumza na mawe, na wasomaji walizipenda sana. Alifariki kabla ya kutoa kitabu cha mwisho. Mchapishaji akamwomba Eunice apitie madaftari aliyoyaacha, aamue ipi ni hadithi yenyewe na ipi ni rasimu ya kuwekwa kando.

Jumamosi moja asubuhi alipanda basi hadi Mugumu, akachukua bodaboda mpaka Kenyamonta. Mjane wa marehemu, mama mdogo Wegesa, alikuwa uani akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chumba chake sijakigusa." Akashusha sauti. "Ila wewe soma tu. Usichague. Marehemu alikaa na hayo madaftari mawili miaka minne, na hakuchagua."

Eunice alitabasamu, akaingia.

Miisho ilikuwa miwili. Katika daftari jeusi, mwanamke aitwaye Nyangi anafungiwa, na kibuyu cha uji wa moto, kwenye nyumba ya mawe isiyo na mlango, na hadithi inaishia humo. Katika daftari la kijani Nyangi anatoka, lakini mwanamke aliyekuwa akimwita kutoka nje anabaki ndani badala yake.

Dada yangu alipima kama mwalimu. Tarehe za daftari jeusi ndizo zilizokuwa za karibuni zaidi. Alichoandika mtu mwisho, alijiambia, ndicho alichokitaka. Saa saba mchana akachukua kalamu nyekundu na kuandika juu ya jalada jeusi: HILI NDILO.

Chumba kikapoa.

Alidhani wingu limefunika jua. Akageuka kutazama dirisha. Hapakuwa na dirisha. Pale ulipokuwa mlango palikuwa na mawe makubwa, yameshikana, yameota ukungu wa miaka mingi. Mwanga mwembamba tu ulipenya juu, chini ya bati.

Alipiga kelele. Sauti haikwenda popote. Akagonga mpaka vidole vikachubuka. Hewa ikawa nzito. Na nyuma yake, kwenye kona, mtu alikuwa akipumua.

Hakugeuka.

"Umekuja," mwanamke akanong'ona. "Sogea. Ni padogo."

Ndipo akamsikia mama mdogo, mbali, upande wa pili wa mawe.

"Eunice! Mbona kimya? Eunice!"

Alikuwa akiitwa kutoka nje.

Daftari la kijani lilikuwa mezani. Mkono wa baridi ukamgusa shingoni. Akakata maandishi kwenye jalada jeusi. Akaandika kwenye la kijani: HILI NDILO.

Jua likampiga usoni. Mlango ulikuwa wazi. Uani palikuwa na ungo wa maharage, nusu yamechambuliwa. Kandambili mbili zilikuwa zimeelekea mlangoni. Zilikuwa tupu.

Tulimtafuta mama mdogo siku tatu. Mtoni, mashambani, hospitalini Mugumu. Polisi walikuja. Siku ya tatu Eunice alinivuta kando, akanieleza yote.

"Nilijua, Nchagwa," akasema. "Nilimsikia akiniita. Nilijua ninachoandika."

"Basi kalifute hilo neno."

Akatikisa kichwa.

"Nikilifuta narudi mimi ndani. Na yule wa kwenye kona bado yumo."

Sikumwambia tena. Mpaka leo mchapishaji anapiga simu na Eunice hapokei. Hakulifuta, na hawezi kulichoma daftari, maana hajui moto utamtoa nani na utamfungia nani. Madaftari yote mawili anayo Turwa, chini ya kitanda chake. Halali nyumba nyingine hata siku moja.

Jioni ile ya siku ya tatu niliwaomba polisi tubomoe ukuta wa nyuma wa chumba. Ulikuwa ukuta wa kawaida wa tofali za kuchoma. Katikati yake tulikuta uwazi mdogo, usiomtosha hata mtoto kuketi. Humo mlikuwa na kibuyu cha uji, kimejaa mpaka mdomoni.

Askari mmoja alikigusa, akarudisha mkono upesi.

Uji ulikuwa wa moto.