Boila Lenye Kiu

Mshale wa geji ya presha ulikuwa umelala kwenye sifuri, na sakafu chini ya boila ilikuwa kavu. Ukavu huo ndio uliomkasirisha Hezron. Maji ya kupasha nyumba joto huzunguka mle mle, kutoka kwenye boila hadi kwenye radieta za vyumbani na kurudi. Hayawezi kupungua ila yavuje. Jana alikuwa amejaza mpaka presha ikafika bari moja na nusu, akafunga vali zote mbili na kuzitia alama ya chaki. Alama zilikuwa hazijaguswa.

"Si nilikuambia, injinia," alinong'ona Jepkoech, mfanyakazi wa nyumba, akiwa amesimama mlangoni na ndoo yake. "Hii si kuvuja. Kuna kitu inakunywa."

"Kitu gani?"

"Mimi nitajuaje? Ikifika adhana ya alasiri unaiskia ndani ya paipu. Hata kule Jeddah, nilipoandikwa, tangi ya juu ilikuwa haijai. Ndio mabosi wakahamia huku Riyadh. Nayo ikawafuata."

"Kule Jeddah, mtaa wa Al-Safa, ulimkuta nani kazini?"

"Sikukuta mtu. Nilikuta kitanda, na leso imekunjwa juu yake."

Hezron aliinamia begi la vyombo ili uso wake usionekane. Leso ile alikuwa ameinunua yeye.

Beldina, mkewe, alikwenda Jeddah wakati Hezron yuko Kisumu na shahada yake ya uhandisi na hana kazi. Mwezi wa Agosti alimtumia ujumbe wa sauti: "Baba Awino, wameenda baharini, wamenifungia kwa chumba cha juu. Madam amefunga vali ya maji, anasema naoga sana. Nimebaki na chupa moja." Hezron akamjibu: "Vumilia. Usivunje mlango, watakufuta. Watarudi jioni." Walirudi siku ya tatu. Karatasi iliyoletwa pamoja na jeneza ilisema kifo cha kawaida, na saa yake, alasiri. Chini kulikuwa na jina la kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Miaka miwili na nusu baadaye, Hezron naye akiwa amepata kazi Riyadh, aliliona jina hilo katika orodha ya wateja wa kampuni yake pale mtaa wa Olaya, akaiomba kazi hiyo yeye mwenyewe.

Alifungua vali. Maji yakaingia kwa mlio mwembamba, mshale ukapanda hadi moja na nusu, akafunga. Akakaa juu ya begi, akangoja.

Adhana iliposikika, chumba kile kidogo kilijaa harufu ya mafuta ya mkaratusi, yale ambayo mtu hujipaka kwenye paji la uso kichwa kikimuuma, na ndani ya bomba la kurudishia maji, hapo hapo karibu na sikio lake, kitu kikaanza kunywa: mafunda matatu makubwa, kimya kidogo, kisha pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika, halafu mafunda mengine matatu, na kimya, na pumzi, na kila pumzi ilipotoka mshale ulishuka, na Hezron, ambaye kwa miaka tisa alikuwa amemtania mkewe mezani kwa kunywa vile vile, tatu na kupumua, tatu na kupumua, alijiziba mdomo kwa kiganja ili asiliite jina lake.

Madam, yule yule wa Jeddah, aliteremka ngazi akizungusha funguo za gari. Siku hizi alijiendesha mwenyewe, na alipenda watu waone.

"Muhandis, imeshuka tena?"

"Imeshuka, madam."

"Kesho shehe atakuja kuyasomea maji Kurani. Wewe utayatia ndani ya boila. Yakishindwa, halas, basi." Alimwonyesha Jepkoech kwa kidevu. "Huyu nampeleka polisi. Ndiye anayefanya sihiri."

"Wallahi madam, sihiri mafi, hakuna!" Ndoo ilimponyoka Jepkoech. "Mimi hata mganga simjui!"

Hezron alijua kesi ya sihiri huku huweza kumpeleka mtu kwenye upanga, na Jepkoech hangeweza hata kutafuta bosi mwingine. Sheria mpya ya kuhama kazi, ile iliyosifiwa sana mwaka uliopita, haikuwahusu wafanyakazi wa majumbani.

Shehe alifika kesho yake baada ya adhuhuri, mzee mpole mwenye kikohozi. Kabla ya kusoma, alimgeukia madam.

"Binti yangu, kuna mtu aliyedhulumiwa katika nyumba yenu? Hapa, au kule mlikotoka?"

Hezron aliacha kufunga mpira wa pampu ya mkono ya kujazia boila. Alingoja jibu hilo kama alivyongoja siku zote hizi.

"Hapana," alisema madam. "Hayupo."

Shehe akasoma juu ya ndoo ya maji, kisha wengine wote wakapanda kunywa kahawa. Hezron alibaki chini peke yake. Aliiinua ndoo ile iliyosomewa, akaisogeza nje ya mlango kwa adabu. Pampu ya mkono akaijaza maji ya bomba, akapiga hadi bari moja na nusu.

"Beldina," alisema kwa sauti ndogo. "Sikufukuzi. Lakini hapa ukinywa, unamuua dada wa watu. Aliyefunga vali yuko juu. Nenda ukanywe kwake."

Harufu ya mkaratusi ilikuja, ikakaa, ikampita shavuni ikipanda ngazi. Adhana ya alasiri ikaita. Mshale haukutikisika.

Huko juu madam aliita: "Jepkoech! Nani amekunywa maji yangu?"

Gilasi ikajazwa. Madam akaiinua, na ilipofika midomoni haikuwa na tone. Ikajazwa tena. Likaletwa jagi, ikafunguliwa chupa mpya, na kila mara sebule ilisikia mafunda matatu na pumzi, mpaka shehe akasimama na kuvaa viatu bila kuaga, na madam, midomo imeshaanza kukakamaa, akateremka ngazi na kumshika Hezron mkono wa shati.

"Fanya kitu, muhandis!"

"Mpe Jepkoech paspoti yake."

Aliileta mbio. "Sasa? Sasa itaacha?"

"Boila liko sawa, madam," alisema Hezron. "Kazi yangu ilikuwa boila."

Ndani ya gari la kampuni ya Hezron, wakielekea ubalozini, Jepkoech alikuwa bado analia. "Atakaa hivyo mpaka lini?"

"Mwenzako alikaa siku tatu. Alikuwa mke wangu."

Hezron alichukua chupa mbili za maji kutoka kwenye katoni, zote zimefungwa kiwandani, akampa moja. Jepkoech akafungua yake, akanywa nusu.

Hezron alizungusha kifuniko cha yake, kikakatika kwa mlio. Harufu ya mkaratusi ikajaa gari. Akaiinua chupa mdomoni, na ilikuwa tupu.

"Nilikuambia uvumilie," alisema, akaitazama barabara. "Najua."