Madirisha ya Stesheni

Haya yalimfika shoga yangu Irmtraud, hapa hapa Chemnitz, Ujerumani, na Irmtraud si mtu wa kuzua. Mumewe Eckhard, mzee mzima wa miaka sabini mwenye akili za chekechea, alikuwa na treni zake za kuchezea, na mji mzima wa vijumba na stesheni yake juu ya meza, kwenye chumba cha chini ya nyumba, kisicho na dirisha. Kwenye maonyesho ya mwaka jana treni ilipita, meza ikatikisika, vijumba vikaanguka. Wenzake wa chama cha wapenda treni wakamwambia kikianguka tena hata kimoja, asirudi. Basi akanunua gundi kali.

Jumapili moja ya Majilio Irmtraud akamshushia kahawa.

"Bado unajenga mji, bwana meya? Kigae cha bafuni kinaning'inia huu mwezi wa tatu sasa!"

"Nyamaza, mama. Safari hii vijumba having'oki, hata uvivute kwa trekta."

"Na stesheni mbona madirisha yameingia ukungu? Hata kupaka gundi hujui!"

"Mvuke wa gundi huo, mjinga wewe. Ukishaganda hautoki."

Akazima taa ajaribu vibalbu vya vijumba. Havikuwaka. Gizani wakasikia mlio mwembamba, kwii, kwii, kama kidole kinachosugua kioo chenye maji.

"Acha upuuzi, Eckhard."

"Mikono yangu iko mfukoni."

Taa ilipowashwa, stesheni ilikuwa bado imeganda imara kwenye ubao wa meza. Kwenye dirisha la juu palikuwa na kiduara safi, kidogo kama punje ya mtama, kimefutwa kwa ndani. Wakainama kutazama. Kiduara kikaziba kwa ukungu, kikasafika, kikaziba tena, taratibu, kama mtu anayepumua.