Faili Lisilo na Uzito

Faili halikuwa na uzito. Kompyuta ilisoma sifuri. Jina lake namba tupu, na Achille aliapa si yeye aliyeliweka, ingawa mtu anayeapa na bani chao, mkate uliojazwa mchuzi, mdomoni haaminiki sana.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Yvette alileta kwenye duka la Achille la kutengeneza simu, mtaani Sydenham, simu iliyokuwa inakata roho, na ndani yake sauti ya mwisho ya mama yake, aliyezikwa kwao Uvira. Nakala nyingine hakuna. Achille akaihamishia sauti kwenye kompyuta, simu ikazimika kabisa. Akaandika skripti, maagizo mafupi kwa kompyuta, ya kulinganisha ukubwa wa mafaili, ajue kama sauti imefika nzima. Akatia alama ya "kubwa kuliko", ule mdomo uliochongoka. Lo! Kwenye skripti ya namna ile mdomo huo haulinganishi kitu. Unaichukua namba inayofuata kuwa jina, unafungua faili jipya, tupu, linalosubiri kujazwa.

"Eish, dada," akanong'ona alipogundua. "Nimefungua mlango."

"Basi funga, Papa Achille!"

Akalifuta. Likarudi. Safari hii lilikuwa na uzito, na kila lilipoongezeka sauti ya mama ilipungua kwa kiasi kilekile. Spika ikaanza kupumua, harufu ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyoungua ikajaa dukani mchana kweupe, na wale wawili wakasimama bega kwa bega bila kuthubutu kukohoa, wakitazama faili la mama likikonda mpaka sifuri huku lile la namba likinenepa kama shemeji aliyekuja kwa wiki moja.

Kisha likasema, kwa sauti ya marehemu:

"Yvette, mwanangu. Usikubali wanifute."

Achille akaondoa mkono kwenye kibodi. "Iko mama yako."

"Hapana." Yvette akarudi nyuma hatua moja. "Mimi nilipewa jina la bibi, aliyemzaa mama. Mama aliniita Mama, maisha yake yote. Angemwitaje mzazi wake kwa jina? Huyu hanijui. Futa."

"Nikifuta, hautamusikia tena."

"Futa!"

Akafuta. Kwenye skripti akauondoa ule mdomo, akatia herufi mbili zinazolinganisha kweli. Spika ikanyamaza. Harufu ikakatika.

Achille akageuka polepole, pande la mwanaume na ndevu zake, akamtazama Yvette kwa upole usio wake, akasema kwa sauti ileile ya marehemu:

"Mama, mbona umenifuta?"